Mti Uliokatazwa Urefu

Kiswahili hakina jina la mti huu, na yaelekea hakikuwahi kulihitaji, maana mti wenyewe ni wa nchi za baridi na haukupata kusimama penye njia za misafara wala bandari zetu. Anayetaka kuuandika hana budi kuchagua. Akilitwaa jina la Kiingereza, elm, akalipachika irabu zinazodaiwa na silabi za Kiswahili, hujikuta ameshika neno 'elimu', ambalo tayari lina mwenyewe. Njia iliyo salama ni kuupeleka katika ngeli ya miti, ukae jirani na mwembe na mwarobaini, uitwe mwelmu. Mgongano wa l na m huenda ukawakera wanafonolojia, ingawa lugha iliyoivumilia 'almasi' kwa karne nyingi haitashindwa na hili. Wingi wake basi ni mielmu.

Wingi huo, hata hivyo, ni wa kisarufi tu. Mnamo mwaka wa 2004, watafiti walioongozwa na Mhispania Luis Gil walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuchunguza DNA ya mwelmu wa Uingereza, wakahitimisha kwamba ile miti iliyotapakaa mashambani mwa Waingereza, mamilioni kwa mamilioni, ni mti mmoja. Hautegemei mbegu, kwa kuwa ni nadra sana kuzaa mbegu zenye uhai. Huenea kwa maotea yanayochipuka mizizini. Asili yake, kwa mujibu wa watafiti hao, ni mwelmu wa Kirumi aliousifu Columella, mwandishi wa kilimo wa karne ya kwanza. Warumi waliupanda ili uwe mhimili wa mizabibu, na katika lugha yao mzabibu ulisemwa kuwa umeozwa kwa mwelmu. Mizabibu haikutia fora kule kaskazini, lakini mume yule alibaki, akajigawa chini kwa chini kwa takriban miaka elfu mbili.

Waingereza waliutumia kila sehemu. Mbao zake zina nyuzi zilizosokotana, hazipasuki upesi, na zikikaa majini haziozi. Kwa hiyo zilifaa vitovu vya magurudumu, mabomba ya maji, majeneza, na nguzo za chini ya daraja la kale la London. Mchoraji John Constable, mzaliwa wa Suffolk, aliupenda kiasi kwamba yapata mwaka wa 1821 alichora shina lake peke yake, gome na nyufa zake, kana kwamba anachora uso wa mzee anayemfahamu.

Kisha ukaja ugonjwa. Husababishwa na kuvu anayesafirishwa na mbawakawa wadogo wanaozaliana chini ya gome la mielmu inayokufa. Wakikomaa hutoka na kwenda kutafuna panda za vitawi vya mti wenye afya, na hapo ndipo kuvu huingia katika mishipa ya maji. Mti, katika kujitetea, huiziba mishipa yake wenyewe. Majani hunyauka katikati ya kiangazi na mti hufa kwa kiu ilhali mizizi yake imo katika udongo wenye maji. Wimbi la kwanza lilionekana Uingereza mwaka wa 1927, likapungua makali. Wimbi la pili, lililoletwa na magogo kutoka Amerika ya Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1960, lilikuwa la kuvu mkali zaidi, Ophiostoma novo-ulmi, nalo liliangamiza zaidi ya miti milioni 25 nchini humo. Kilichokuwa nguvu ya mti huu, yaani kufanana kwake kila mahali, ndicho kilichouponza: palipokosekana kinga kwa mmoja palikosekana kwa wote.

Walakini mwelmu haukutoweka. Ugonjwa huua shina, lakini aghalabu huiacha hai mizizi ya mbali, nayo hutoa maotea mapya kandokando ya mashamba. Maotea hayo hukua kwa furaha kwa miaka kumi na mitano au ishirini hivi. Shina linaponenepa, gome likatosha kuwahifadhi mbawakawa, na matawi yakainuka hadi kimo wanachopitia, ugonjwa hurudi na kuyakata. Mizizi huanza tena. Ni pale tu mwelmu ulipo sehemu ya ua wa shamba, unyolewao kila mwaka na mashine za wakulima, ndipo huendelea mwongo baada ya mwongo bila kuguswa, kwa kuwa mbawakawa hupita juu yake. Mti uliokuwa ukivuka mita thelathini kwa urefu sasa huishi kwa sharti la kutoinuka.

Ni katika nyua hizo ambamo mtunzaji wa bonsai huenda kutafuta. Bonsai, kama ijulikanavyo, ni neno la Kijapani lililotoka kwa Wachina, na maana yake haizidi 'kilichopandwa katika chombo kifupi'. Wapo wanaoanza na mbegu au mche wa kununua. Wengine, nao ndio wenye subira zaidi au tamaa zaidi, huchimbua mti uliokwisha kuzeeka porini, ambao jua na wanyama na mapanga vimeshaupa sura isiyoweza kuigwa bustanini. Nchini Uingereza kazi hii huanza kwa mazungumzo na mwenye shamba, kwani sheria ya mwaka wa 1981 ya kulinda wanyamapori na mashambani inakataza kung'oa mmea wowote wa mwituni bila idhini yake. Wakulima wengi hawaoni shida kutoa kisiki kimoja palipo na visiki mia. Wengine humtazama mwombaji kama mtu aliyepungukiwa.

Kisiki kinachotafutwa ni kile kifupi, kinene chini, kilichokatwa mara nyingi hata kikakunjamana. Wakati mwafaka ni mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, kabla vichipukizi havijavimba. Mchimbaji huzungusha sepeto kuzunguka shina, akiondoa udongo kwa vidole penye mizizi myembamba, mpaka afikie ule mzizi mnene unaopita kimlalo kuelekea kisiki jirani. Hapa msumeno unahitajika. Mzizi huo ndio njia ambayo mti ulizaliwa kwayo, na ndio hiyohiyo ambayo kuvu hupitia kutoka shina hadi shina pasipo haja ya mbawakawa. Ukikatwa, kisiki hutengana na nafsi yake nyingine, na kwa upande huo hupona hatari moja. Jeraha ni kubwa. Miti mingi isingevumilia, mwelmu huvumilia. Shina hupunguzwa hadi kimo cha shubiri moja na nusu hivi, mizizi hupunguzwa kwa kadiri yake, na kinachobaki hutiwa katika sanduku la mbao lenye changarawe laini za mawe ya volkano, zipitishazo maji na hewa.

Baada ya hapo kazi kubwa ni kutofanya kazi. Mwezi wa Mei vichipukizi hutokeza kwa fujo, hususan kwenye ukingo wa pale palipokatwa, na mikono huwasha kutaka kuvipanga. Aliyezoea huviacha vyote mwaka mzima, kwa kuwa kila jani juu linajenga mzizi chini. Wahenga walinena kuwa mstahimilivu hula mbivu. Hapa hapana mbivu ya kuliwa, ni majani tu, lakini kanuni ni ileile.

Mwaka wa pili au wa tatu ndipo uchaguzi huanza. Kati ya vitawi kumi vilivyotoka mahali pamoja hubakishwa kimoja au viwili, kwani vikiachwa vyote pale pataumuka na kuwa nundu isiyotibika. Kitawi kilichoteuliwa kuendeleza shina huzungushiwa waya na kuelekezwa kingali kijani. Methali ya kumkunja samaki angali mbichi inafaa hapa kuliko mahali pengi inapotumiwa. Waya hauna budi kukaguliwa kila juma, maana mwelmu hunenepa upesi mno na waya uliosahauliwa huzama ndani ya gome na kuacha alama ya ond kwa miaka mingi. Baadhi ya watunzaji huachana na waya kabisa, wakafuata mtindo wa Lingnan, uliositawi katika jimbo la Guangdong kusini mwa Uchina: tawi huachwa lirefuke mpaka linenepe litakiwavyo, kisha hukatwa karibu na shina, kinachochipuka huachwa vilevile, kikakatwa tena. Kila pingili huwa fupi na nyembamba kuliko iliyotangulia. Baada ya miaka kumi ya kukata namna hiyo, tawi la urefu wa kiganja huwa na mipindo ambayo mti wa kondeni huipata kwa karne.

Majani nayo hubadilika. Jani la mwelmu lina ila ya kuzaliwa nayo ambayo huutambulisha: nusu yake moja huanzia chini zaidi kwenye kikonyo kuliko nusu ya pili, mithili ya shati lililofungwa kifungo tundu la jirani. Kadiri vitawi vinavyoongezeka ndivyo majani yanavyopungua ukubwa, kutoka urefu wa kidole hadi ukubwa wa ukucha wa gumba, ila upogo ule haupungui. Hata katika chungu mti hautaki kudanganya kuhusu ukoo wake.

Swali lenye mjadala hasa ni sura. Mwelmu ufinyangwe ufanane na nini? Mafunzo mengi ya bonsai hupendekeza umbo la ufagio uliosimamishwa, shina fupi lililonyooka na vitawi vinavyotawanyika kama upepeo. Umbo hilo lilikopwa kutoka mti wa Kijapani uitwao zelkova, ambao ni wa jamaa moja na mwelmu. Linapendeza, na mwelmu hulikubali kwa urahisi. Lakini mwelmu wa Uingereza haukuwa hivyo. Ulipanda juu kwa shina moja lenye nguvu, matawi makubwa yakatoka kwa vituo, majani yakajikusanya kama mawingu mawili yaliyobebana, jembamba kiunoni. Wasomaji waliolelewa katika mvutano wa ushairi wa arudhi na ushairi huru wataitambua hoja mara moja: je, umbo ni mali ya desturi, au ni mali ya kitu chenyewe? Watunzaji wanaoliacha umbo la ufagio wana haki zaidi katika jambo hili. Waingereza waliozaliwa baada ya miaka ya 1970, isipokuwa katika sehemu chache, hawajapata kuuona mwelmu mkubwa ukisimama kondeni. Anayetaka kuufinyanga inambidi arejee picha za kale na michoro ya Constable, afanye kwa mkasi kile ambacho mfasiri hufanya kwa maandishi ya lugha isiyosemwa tena.

Wapo wanaoichukia sanaa hii. Husema kuwa ni utesaji, kwamba mti hunyimwa haki yake ya kukua, na wengine huilinganisha na kufungwa nyayo kwa wasichana wa Uchina wa zamani. Shutuma hiyo haistahili kupuuzwa kwa kicheko. Ni kweli kwamba mti wa chunguni haukuulizwa. Lakini mti wa chunguni haukai na njaa: hulishwa, hunyweshwa kila siku ya kiangazi, na mizizi yake hufanywa upya kila baada ya miaka miwili au mitatu. Zaidi ya hayo, shutuma hudhani kwamba nje ya chungu kuna urefu unaousubiri. Kwa mvinje au msonobari dhana hiyo ni sahihi. Kwa mwelmu wa Uingereza, nje ya chungu kuna ua na mashine ya kunyoa, au kuna miaka ishirini na mbawakawa. Kati ya kupunguzwa na kuuawa, mkasi si adui mkubwa.

Pamoja na hayo, si haki kumwita mtunzaji mwokozi. Chungu si kinga kamili, kwani mbawakawa anaweza kutua hata bustanini. Na kilichookolewa ni kidogo. Yupo kipepeo mwenye mstari mweupe wa umbo la herufi W chini ya ubawa, ambaye viwavi wake hawali ila mielmu, nao huanza maisha kwa kula maua yake. Huyo hawezi kulelewa na mti wa kimo cha kiti. Kivuli cha ng'ombe hakipatikani chini ya bonsai. Wanaoshughulika na urefu wenyewe ni wengine. Mji wa Brighton, uliobanwa kati ya bahari na vilima, umeulinda mkusanyiko wake wa mielmu tangu miaka ya 1970 kwa kuchunguza na kukata upesi kila tawi linalonyauka. Hata huko, mwaka wa 2019, mmojawapo wa mielmu miwili mikongwe inayojulikana kama pacha wa Preston, iliyokadiriwa kuwa na umri wa karne nne, uliugua na kukatwa.

Mtunzaji anayehamisha mti wake mwezi wa Februari hukata karibu theluthi ya mizizi kabla ya kuurudisha chunguni. Vipande vyembamba huenda jaani. Vile vinene kama penseli havitupwi. Husimamishwa katika mchanga wenye unyevu, ncha ya juu ikichungulia kidogo, na sanduku likawekwa upande usio na upepo. Kufikia Juni, kwenye ncha hizo huwa pameanza kutoka majani, madogo, yenye nusu moja iliyoanzia chini kuliko ya pili.