Likizo ya Mjini: Tulale Wapi?

Katika mji wetu wa Mpanda, mfanyakazi apatapo likizo na kuamua kuwapeleka wanawe Dar es Salaam, swali linalosumbua nyumbani si la nauli. Nauli inajulikana. Swali ni mahali pa kulala. Na ingawa huulizwa kwa upole wakati wa chakula cha jioni, limekwisha kuwagombanisha watu waliokaa kwa amani mwaka mzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi siku 28 za likizo kila mwaka, na mtumishi wa umma hulipwa nauli ya likizo mara moja katika miaka miwili. Nauli hulipwa, kitanda hakilipwi.

Zamani jibu lilikuwa moja tu: tutafikia kwa ndugu. Wala si jibu la kudharauliwa. Mji wetu wenyewe umekua kwa kupokea wageni. Tawi la reli litokalo Kaliua, lenye urefu upatao kilomita 210, lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, nalo likaleta watu wa makabila mengi kuliko waliokuwako. Bila shaka wengi wao usiku wao wa kwanza walilala kwa mtu wa kwao aliyewatangulia. Mimi pia nilipofika hapa kwa kazi yangu ya uuguzi nililala miezi miwili kwa mama mmoja ambaye undugu wetu ulihitaji vidole vya mikono yote miwili kuuhesabu.

Lakini mama yule alikuwa na ua, na jiko la nje, na shamba la mihogo nyuma ya nyumba. Ndugu yetu wa Dar es Salaam hana hayo. Mdogo wa mume wangu amepanga vyumba viwili na sebule huko Mbagala, na humo wamo yeye, mkewe na watoto watatu. Mkewe huamka saa 10 alfajiri ili awahi gari la kwenda kazini. Sisi tu watano. Nyumba ile ingekuwa na watu kumi, na choo ni kimoja, tena cha wapangaji wote wa ua ule.

Nilipotamka neno gesti, baba watoto aliweka kijiko chini. Alisema kwamba kulala gesti katika mji anaokaa ndugu yako wa tumbo moja ni kumtangazia mtu huyo, na majirani zake, kwamba nyumba yake haifai. Nikamwambia kwamba hatumkimbii ndugu, tunamhurumia mkewe. Akasema kwamba mkewe hajalalamika. Hapo nikanyamaza, kwa maana hakuna mke wa mtu ambaye angelalamika kwa shemeji yake mkubwa, na mume wangu analijua hilo kama nilijuavyo mimi.

Aliyesema ni mama mkwe, ambaye tulidhani anasinzia. Alisema, "Mwanangu, mdogo wako atakupa kitanda chake, naye atalala chini. Ukijua hivyo, utapata usingizi?" Hakuna aliyemjibu. Kesho yake baba watoto alimpigia mdogo wake simu, akamwambia kwamba tutakuja Mbagala Jumapili tushinde kutwa, kwamba mama anawaletea mchele wa Kakese na asali ya Inyonga, lakini usiku tutalala karibu na bahari ili watoto waione asubuhi. Kwa muda hapakusikika sauti upande wa pili. Kisha shemeji akasema, "Sawa, kaka." Wenye ndugu wanajua uzito wa "sawa" ya namna hiyo.

Basi ikatubidi tuchague, na kuchagua huko nimekuona kunastahili kuandikwa, kwa sababu wengi wetu huchagua gesti kama tununuavyo kiberiti: tunachukua cha kwanza tulichopewa. Hata jina lenyewe hutupotosha. Mtu wa kwetu akisikia hoteli hufikiri wali na maharage, kwa kuwa hoteli ni mahali pa kula. Pa kulala ni gesti. Mjini unaweza kukuta hoteli isiyo na kitanda hata kimoja, na pengine gesti isiyoweza kukupatia kikombe cha chai.

Nadhani jambo la kwanza la kutazama ni mahali ilipo nyumba, kabla ya bei yake. Tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani hayaishii tena Ubungo bali Mbezi, katika kituo kikuu kilichopewa jina la Magufuli, nako ni mbali sana na Kariakoo, na na bahari. Msafiri aliyeketi ndani ya basi zaidi ya kilomita 1,000 hushuka hapo usiku akiwa hoi, na gesti za jirani zinamwita. Kwa usiku mmoja hazina ubaya; hata nasema ni busara kulala hapo kuliko kuwaburuta watoto mjini usiku wa manane. Lakini asubuhi yake hesabu inabadilika. Tuseme vyumba viwili huko pembezoni ni shilingi 20,000 kila kimoja, na vya katikati ya mji ni 30,000. Unaona umeokoa 20,000 kwa siku. Sasa hesabu nauli: watu watano, kwenda na kurudi, tuseme shilingi 1,500 kwa kila mtu kila safari; hizo ni 15,000. Ulichookoa ni 5,000, nazo zitakwisha kwa chakula cha mchana, kwa kuwa aliye mbali hawezi kurudi chumbani kula ndizi na mkate alivyonunua sokoni. Nami sijahesabu saa mtakazokaa ndani ya gari mtoto mdogo akitapika.

Aliyelala Kariakoo au Ilala hutembea kwa miguu hadi Mnazi Mmoja. Akitaka, hupanda basi la mwendokasi hadi Kivukoni, mahali ambapo soko la samaki, kivuko cha Kigamboni na meli vyote huonekana bila kulipia kiingilio. Makumbusho ya Taifa nayo si mbali na hapo. Kwa watoto wa Katavi, ambao maji makubwa waliyoyajua ni yale ya Ziwa Tanganyika kule Karema, asubuhi moja ya Kivukoni inatosha kwa masimulizi ya muhula mzima.

Halafu chumba chenyewe. Usilipe kabla ya kukiona, wala usione haya kuomba kukiona. Mhudumu mwenye chumba kizuri hupenda kukionyesha. Sisi tunaotoka nyanda za juu tunasahau joto la pwani. Chumba kisicho na dirisha la kupitisha hewa wala feni, hata kikiwa na marumaru na kioo kikubwa, ni tanuri. Washa feni uone kama inazunguka. Kunjua chandarua ukitazame juu, kwa maana tundu moja linawatosha mbu wote wa Dar es Salaam, na mimi kwa kazi yangu siwezi kulifanyia mzaha jambo hilo. Fungua bomba, uonje maji: sehemu nyingi za jiji hutumia maji ya visima yenye chumvi, yanayofaa kuogea lakini si ya kumkorogea mtoto maziwa. Funga mlango kwa ufunguo, uufungue tena.

Baada ya hapo, kaa kidogo mapokezi utazame nani anaingia. Kama muziki wa baa uko ukutani mwa chumba chako, hutalala kabla ya saa 7 usiku. Na kama wageni wengi wanaoingia hawana mizigo na hawakai muda mrefu, basi nyumba hiyo imejengwa kwa ajili ya shughuli nyingine. Shukuru, uwashike wanao mikono, uondoke. Hii ni kurasa ya familia, kwa hiyo sitafafanua zaidi.

Yako pia mambo madogo yanayogharimu fedha. Uliza saa ya kukabidhi chumba, maana katika gesti nyingi ni saa 4 asubuhi, na aliyeingia saa 9 usiku hulipa usiku mzima kwa saa saba. Uliza kama chai ya asubuhi imo katika bei, na ni ya watu wangapi; aghalabu ni ya wawili, na watoto watakunywa kwa macho. Kama unasafiri na kijana wako mkubwa wa kiume, uliza mapema, kwa kuwa nyumba nyingi zimebandika tangazo ukutani la kukataza wanaume wawili au wanawake wawili kulala chumba kimoja, na baba na mwanawe hujikuta wakidaiwa vyumba viwili. Na uwe tayari kujaza kitabu cha wageni: jina, umri, kabila, kazi, utokako na uendako. Mwanangu wa pili alijaza mwenyewe mstari wake, na mahali pa kazi akaandika "mwanafunzi, darasa la tano," kwa hati nzuri kuliko ya baba yake.

Mwenye kipato cha chini ya chetu asidhani kwamba amefungiwa mlango. Hosteli za taasisi za dini na za vijana zimekuwa zikipokea wageni jijini kwa miaka mingi, na si lazima uwe muumini wao. Vyumba huwa vya kawaida, pombe hairuhusiwi, na mama anaweza kulala bila kuweka kiti nyuma ya mlango. Yafaa kupiga simu wiki kadhaa kabla, hasa kwa anayetaka kwenda mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, wakati maonyesho ya Sabasaba yanapovuta watu kutoka mikoa yote na shule nyingi zimefunga.

Na mwenye nacho? Yeye aende atakako. Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965 na kufunguliwa upya mwaka 2006 baada ya ukarabati mkubwa, bado inatazama bandari, ijapokuwa siku hizi ina jina la kampuni ya kigeni. Simwonei kijicho alalaye humo. Ila huku kwetu tumejifunza jambo kutoka Hifadhi ya Katavi. Ndani ya hifadhi ile, yenye kilomita za mraba zipatazo 4,471, yako mahema ambayo usiku mmoja wake mtalii hulipa fedha nisizozipokea kwa mwezi. Na nje yake, katika kijiji cha Sitalike, mwalimu aliyekuja na wanafunzi wake hulala katika nyumba ya wageni kwa bei ya mwalimu. Asubuhi wote wawili huenda kutazama viboko wa Mto Katuma. Mwenye hema amelala vizuri zaidi, sikatai, na pengine ameandaliwa mayai. Lakini kiboko ni yule yule, na wala haulizi umelala wapi.

Sisi tulichukua vyumba viwili Ilala, orofa ya pili, vyenye feni na vyandarua vizima, katika nyumba isiyo na baa. Jumapili tukaenda Mbagala na mchele na asali. Shemeji alimpokea kaka yake kwa heshima zote, akamwita kaka kila baada ya maneno mawili, na kwa saa nzima hakumtazama usoni. Baada ya chakula walitoka wawili hao wakaketi chini ya mwembe. Sikuambiwa walichozungumza, ila waliporudi shemeji alikuwa anacheka, na macho ya mume wangu yalikuwa mekundu.

Jumanne, mke wa shemeji alitoka kazini akaja kunitembelea peke yake. Alipanda ngazi polepole, akavua viatu mlangoni ingawa nilimzuia, akaketi ukingoni mwa kitanda na kutazama feni ikizunguka. Watoto walikuwa wamekwenda Kivukoni na baba yao. Akaniuliza, "Dada, hapa nani anafagia?" Nikamwambia yupo binti anayekuja asubuhi. "Na chai?" Nikamwambia inaletwa. Akanyamaza kidogo, kisha akajilaza, akasema kwamba atapumzika dakika tano tu. Alilala hadi saa 12 jioni, nami nikapunguza feni, nikamfunika khanga.

Alipoamka aliona haya kidogo, akanawa uso, akaniuliza gesti za Mpanda zilizo karibu na stesheni ni za bei gani, kwa sababu mumewe anapata likizo mwakani na wao ni watano. Nikamwambia ziko za kila bei, ila wakija mwezi wa Juni wabebe masweta.