Fundi wa Baiskeli ni Jirani Yetu

Ni desturi ya watu wengi kumkumbuka fundi siku chombo kinapoharibika. Hapa Kemondo, ambako njia huteremka kuelekea bandarini kwenye Ziwa Victoria, baiskeli yenye breki mbovu si jambo la mzaha. Sisi wauguzi tunajua pia madhara ya spoki zisizokingwa: mtoto aliyepakiwa nyuma huingiza mguu, kisigino kikachanika.

Nyumbani kwetu tumechagua fundi mmoja, naye tunampelekea baiskeli ingali nzima. Kila mwezi anakaza breki, anatia mafuta kwenye mnyororo na kutazama gololi za magurudumu. Siku moja tulikwenda kuziba pancha tu. Akatuambia, "Mama nesi, kiraka nitabandika, lakini mipira ya breki imekwisha. Ukishika mteremko na mtoto, hutasimama."

"Ahsante, mzee wetu. Badilisha," tukamjibu.

Neno kama hilo halinunuliwi. Hutoka kwa mtu anayekujua, anayejua na watoto unaowapakia.

Uaminifu huo hujengwa na pande zote mbili. Kwanza, tupatane bei kabla kazi haijaanza. Pili, tumweleze ukweli: kama kijana aliangusha baiskeli shimoni, tuseme, ili fundi asipoteze muda akitafuta ugonjwa. Tatu, kifaa kikibadilishwa, tuombe tuone kile cha zamani. Fundi mwaminifu hachukizwi na ombi hilo. Nne, tumlipe siku ile ile. Mambo ya Walawi 19:13 yanatukataza kulala na ujira wa mfanyakazi hadi asubuhi, maana naye ana watoto wanaosubiri chakula jioni.

Je, akikosea? Tusianze kumsema sokoni. Bwana Yesu alitufundisha katika Mathayo 18:15 kumwendea ndugu na kuzungumza naye faraghani. Tumrudishie kazi yake kwa upole, tumwonyeshe penye kasoro. Mara nyingi atarekebisha bila kudai senti.

Tukumbuke kwamba Bwana wetu mwenyewe aliitwa seremala (Marko 6:3). Mikono yenye grisi ni mikono ya heshima. Basi, akina mama, tupitapo kwenye kibanda cha fundi, tumsalimu na kumjulia hali ya nyumbani kwake, hata siku ambayo hatuna cha kutengeneza.