Kamera ya Kuinamia Mpakani Busia na Tororo

Msafiri atokaye Kampala kwa njia ya Jinja na Iganga, akiisha kuupita mji wa Bugiri, hufika mahali ambapo barabara hugawanyika. Moja huelekea Busia na nyingine huenda Tororo na Malaba. Akishika hii ya pili, muda si muda ataona mbele yake mwamba mmoja uliosimama peke yake, kana kwamba umesahauliwa na milima mingine. Huo ndio Mwamba wa Tororo. Kilele chake kimefika mita 1,483 kutoka usawa wa bahari, na kwa kuutazama kutoka mjini unapanda karibu mita 300. Wataalamu wa ardhi hutufundisha kwamba huo ni koo la volkano ya kale. Mawe yaliyoyeyuka yaligandia ndani ya mlima, kisha mvua na upepo wa miaka isiyohesabika vikauondoa mlima wenyewe na kuacha kizibo chake.

Wapiga picha wengi wafikao hapo hutoa simu, hubonyeza mara moja, kisha huondoka. Wakifika nyumbani hushangaa kuona mwamba uliowatisha umekuwa kichuguu katika picha. Kosa si la mwamba. Lenzi ya simu hutazama upana mkubwa mno, hivyo kitu kilicho mbali hupunguka, na paa la bati lililo karibu huwa ndilo kubwa. Makala haya yanazungumzia kamera ya namna nyingine, ile ambayo mababa zetu waliizoea katika studio za miji hii: kamera ya kuinamia, yenye lenzi mbili, itumiayo mkanda mpana namba 120.

Mkanda huo una historia ya kupendeza kwa sisi watu wa mpakani. Kampuni ya Kodak iliutoa mwaka 1901. Mwaka uliofuata, yaani 1902, Serikali ya Uingereza iliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda ya wakati ule na kuutia katika Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo tangu mwaka 1920 inaitwa Kenya. Ndipo mpaka ulipohamia huku kwenye mito ya Sio na Malaba, na Wasamia kwa Wateso wakajikuta baadhi yao wako huku na ndugu zao wako kule. Kwa hiyo mkanda namba 120 una umri mkubwa kuliko mpaka wa Busia, tena ungali unatengenezwa mpaka leo, upana wake ni ule ule wa sentimita sita na ushei.

Ubora wake hauna uchawi. Picha moja ya mkanda mdogo wa milimita 35 ina milimita 24 kwa 36. Picha ya mraba ya mkanda mpana ina milimita 56 kila upande, maana yake eneo lake ni zaidi ya mara tatu na nusu ya ile ndogo. Ukiikuza picha hiyo mpaka itoshe kutundikwa ukutani, chembechembe hazionekani, na nyuzi za kofia zaweza kuhesabiwa. Gharama yake ni uchache: mkanda mmoja hutoa picha 12 tu za mraba, au 8 ikiwa kamera hupiga picha ndefu za sentimita sita kwa tisa. Mtu mwenye picha 12 hutazama mara mbili kabla ya kubonyeza.

Kamera zenyewe zilikuwa za namna nyingi. Rolleiflex ya Ujerumani ilikuwa ya wenye uwezo. Yashica Mat ya Kijapani, yenye lenzi ya milimita 80 isiyobadilishwa, haijatengenezwa tena tangu miaka ya 1980, lakini zilizotunzwa zingali zinafanya kazi. Ipo pia Mamiya C330, ambayo lenzi zake hutolewa na kubadilishwa kwa jozi. Katika kamera hizi zote mpiga picha huinama na kutazama kioo kilicho juu ya kamera, ambamo lenzi ya juu huleta taswira, huku lenzi ya chini ikipiga picha. Kioo hicho hugeuza kulia kuwa kushoto. Ukisimama Busia ukatazama kaskazini, Uganda iko mkono wako wa kushoto na Kenya mkono wa kulia; lakini ndani ya kioo Kenya huhamia magharibi na Uganda mashariki. Nimewaonyesha maofisa wawili watatu mzaha huo wa kioo, nao wakacheka sana.

Kuinama huko kuna adabu yake. Apigwaye picha haoni chombo kimemkodolea jicho usoni, bali humwona mtu ameinamisha kichwa mbele yake kama anayemsalimu mkubwa. Hasara yake ni moja: kwa kuwa lenzi ya kutazamia iko juu ya lenzi ya kupigia, ukimkaribia mtu chini ya mita moja hivi, unachokiona sicho kitakachotoka. Vichwa vingi vilivyokatwa utosi katika picha za zamani vilikatwa kwa sababu hiyo.

Turudi kwenye Mwamba wa Tororo. Kwa kamera ya mraba, lenzi ya milimita 80 huona karibu kama jicho lionavyo. Ile ya 50 ni ya upana, inafaa ndani ya nyumba au sokoni, lakini mbele ya mwamba itakudanganya kama simu. Anayeutaka mwamba uonekane ukubwa wake na atembee nje ya mji, arudi nyuma sana, kisha atumie lenzi ndefu ya 150 au 250. Hapo mapaa ya mji na mwamba vitakaribiana, na picha itasema kweli. Aamke mapema pia. Mji huu una kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, na hewa ya mchana huwa nyeupe kwa vumbi na joto. Kwa mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe, filta ya manjano huifanya mbingu iwe nzito na mawingu yajitokeze, nayo hudai mwanga mara mbili. Filta nyekundu hukata ukungu zaidi, lakini hudai mwanga mara nane, na mbingu yake huwa ya kutisha mno kwa ladha yangu.

Sasa habari ya kuchagua mkanda. Busia iko karibu sana na Ikweta, na saa sita mchana jua husimama utosini. Kanuni ya wazee ni kwamba penye jua kali, tundu la lenzi liwe namba 16 na kasi iwe karibu sawa na namba ya mkanda: mkanda wa 100 hupigwa kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Kanuni hiyo ni nzuri kwa nyumba na milima. Kwa uso wa askari aliyevaa kofia yenye ukingo haifai hata kidogo, maana jua la utosini hutia kivuli cheusi kuanzia paji la uso mpaka mdomoni, na kinachong'aa ni vifungo tu. Mwondoe juani, umsimamishe chini ya baraza au mwembe, uweke mkanda wa 400, kama Ilford HP5 au Kodak Tri-X kwa nyeusi na nyeupe, au Portra 400 kwa rangi. Mikanda ya pole kama FP4 ya 125 na Portra 160 ni ya asubuhi na jioni. Kodak Gold ya 200, ambayo tangu mwaka 2022 inapatikana tena kwa upana wa 120, ina bei nafuu kidogo na rangi yake ya joto huwapendeza watu wa harusi. Mikanda ya slaidi, kama Velvia 50, ina rangi za ajabu, lakini haisamehe: mwanga ukizidi kidogo nyeupe hupotea, ukipungua kidogo sura ya mtu huwa shimo. Sipendi kuitumia kwa watu wetu.

Jambo hili la sura zetu lisipitwe haraka. Kwa miaka mingi, maabara za Ulaya na Marekani zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Mikanda yenyewe haikutengenezwa kwa kufikiria ngozi nyeusi. Yasemekana malalamiko yaliyosikilizwa kwanza yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao zilitoka vibaya katika matangazo! Mikanda ya leo imetengenezwa vizuri zaidi, hata hivyo kipimo cha mwanga ni chombo kisicho na akili. Mbele ya bibi harusi aliyevaa nyeupe kitaamuru mwanga upunguzwe, na bwana harusi mwenye suti nyeusi atabaki meno na kola. Dawa yake ni kupima mwanga kwenye kiganja cha mkono wako, kisha kuongeza mwanga mara mbili ya kipimo hicho. Viganja vya watu wote havitofautiani sana. Na ikiwa ni mkanda wa negativu, afadhali mwanga uzidi kuliko kupungua.

Mpiga picha wa Busia huhitaji pia kujua dira. Asubuhi jua hutoka upande wa Kenya, basi anayetaka nyuso zenye mwanga mzuri husimama huko na kuelekeza kamera Uganda. Jioni mambo hugeuka. Kwa bahati njema, tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na tangu mwaka 2018, marais wa nchi mbili walipokifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, msafiri hukaguliwa mahali pamoja badala ya pawili. Zamani safari hiyo fupi kati ya lango na lango ndiyo iliyozaa jina la bodaboda, wakati vijana walipowavusha watu na mizigo kwa baiskeli. Ukitaka kumpiga mwendesha bodaboda aliye mbioni, tumia kasi ya 1/500. Au tumia 1/60 na umfuate kwa kamera anapopita. Yeye atatulia na mji wote nyuma yake utakimbia.

Lakini mpaka ni mpaka. Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi hapa Busia, na Tororo yenyewe ilivamiwa na wapiganaji mwezi Machi 1979. Haifai mtu kushangaa akiulizwa kwa nini amesimamisha kamera ya miguu mitatu karibu na kituo cha ukaguzi. Kambi ya Rubongi si mahali pa mandhari, na ruhusa huombwa kwa mkubwa wa mahali kabla ya kufungua mkoba, siyo baadaye.

Hata hivyo nina neno kwa ndugu zangu wa doria. Mzee mmoja aliyekuwa na studio upande wa Uganda alinieleza kisa cha mwaka mmoja mbaya, ambao hakutaka kuutaja. Askari wa kizuizi fulani alimtilia shaka, akaifungua kamera yake na kuuvuta mkanda wote juani. Picha tatu za mwisho zilikuwa za soko. Tisa za mwanzo zilikuwa za koplo mmoja, mkewe na watoto wanne, zilizopigwa siku moja kabla koplo hajapelekwa kaskazini. "Mwalimu," mzee aliniambia, "yule mama alikuja mara tatu. Mara ya tatu alikuja amevaa nguo za msiba. Nilimwonyesha mkanda wenyewe, mweusi wote, ili asidhani nimemnyima."

Kulikuwa na njia nyingine. Mkanda wa 120 una karatasi nyeusi mgongoni mwake. Mpiga picha akiamriwa auzungushe mpaka mwisho, mkanda wote hujikunja ndani ya karatasi hiyo, hutolewa mchana kweupe bila kudhurika ukiwekwa kivulini, hufungwa kwa gundi yake, hutiwa sahihi na kuwekwa katika bahasha kama kielelezo. Kisha husafishwa na kutazamwa. Kama kuna kosa, ushahidi upo. Kama hakuna, mwenye mali hurudishiwa. Mkanda uliovutwa juani haumshtaki mwenye hatia wala haumwachilii asiye na hatia.

Thamani ya negativu iliyosalimika tuliiona Kampala. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, zilipatikana kabatini negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi kati yake za enzi ya Idi Amin. Mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, na wananchi walizitazama sura ambazo nyingi hazijapata kuchapwa hata siku moja.

Mzee wa studio hana kabati. Ana makopo ya biskuti, na ndani yake bahasha zenye jina, mwezi na mwaka kwa kalamu ya risasi. Wino, asema, hutoka kwa unyevu. Mkanda mpya huufunga vizuri na kuuweka katika jokofu, akautoa saa chache kabla ya kazi ili usitoe jasho. Maji ya kusafishia huyapoza katika mtungi wa udongo, maana dawa ya mkanda wa nyeusi na nyeupe hutaka nyuzi 20, na penye 24 muda wake hauna budi kupunguzwa. Siku hizi wateja wake wakubwa ni wafiwa, kutoka pande zote mbili, wanaotaka picha kubwa ya kutangulizwa mbele ya jeneza. Picha ya simu ikikuzwa kiasi hicho mara nyingi huvunjika. Ajaye na jina kamili na mwaka hupata picha yake baada ya siku mbili. Asiyejua mwaka hukaribishwa kiti, hupewa makopo, akatafuta mwenyewe akielekeza negativu dirishani.