MITANDAO YA KIJAMII NA VITA DHIDI YA RUSHWA

Wanafunzi wangu hapa Rubafu wakipewa mada hii huandika kwamba simu imeikomesha rushwa. Mimi sikubali, ingawa siidharau simu.

Chukua mfano wa mkoani kwetu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliikumba Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Michango ilitoka kila upande kupitia akaunti ya "Kamati Maafa Kagera". Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina kama hilo. Tafakari, mtahiniwa: namba ya akaunti husambaa kwa simu ndani ya dakika chache, lakini simu haijui ipi ni halali.

Anayejua ni mtu aliyeshuhudia. Katika kijiji kimoja ninachokifahamu, kijana alipiga picha tangazo la mapato na matumizi lililobandikwa ukutani, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wazawa. Tangazo lilitaja mifuko 60 ya saruji kwa chumba kimoja cha darasa. Fundi aliyekijenga, ambaye sasa anaishi Mwanza, akajibu kwamba yeye alipokea 45. Watu hawakutukanana (jambo la nadra kwenye makundi hayo). Walikwenda na swali hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wakaomba stakabadhi. Zilipoletwa zilikuwa za mifuko 52.

Je, wangeishia kusambaza picha tu? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu anayechapisha taarifa za uongo, kwa hiyo mwenye ushahidi ni heri aupeleke TAKUKURU, ambao hupokea simu bila malipo kwa namba 113. Hofu nayo ipo. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa Jamii Forums, alifikishwa mahakamani katika mvutano na polisi waliotaka taarifa za watumiaji wa mtandao huo. Mtoa habari akihisi jina lake litajulikana, ataandika?

Fundi yule aliandika akiwa Mwanza. Vijana waliobeba saruji pamoja naye bado wanaishi kijijini. Waliiona picha ileile, wakanyamaza.