Wimbo wa Mama Haukuwa Kwenye Diski



Juma hili nataka kuwasimulia juu ya diski niliyoivunja nikiwa mtoto, na juu ya kitu kingine kilichopotea nyumbani kwetu bila mtu kukivunja.

Nilikulia Likasi, mji ambao wazazi wetu waliuita Jadotville. Baba alifanya kazi ya migodi. Juu ya kabati aliweka gramafoni na diski chache nyeusi, nzito, za aina ile ya zamani inayopasuka kama sahani. Moja ilikuwa ya Mwenda Jean Bosco, yenye wimbo wake. Siku moja baba akiwa kazini nilipanda juu ya kiti ili niishike kama alivyoishika yeye. Ikanitoka mikononi. Mama aliokota vipande, akavifunga ndani ya kikwembe, na baba aliporudi akamwambia: “Ni mimi niliiangusha.”

Toka siku ile diski haikuwapo tena, lakini wimbo uliendelea. Mama aliuimba jioni mbele ya mbabula akisonga bukari, na usiku mtoto akikataa kulala. Mimi nilikua nikiamini kwamba maneno aliyoyaimba ndiyo maneno ya Bosco.

Vijana wetu wengi hawamjui Bosco, basi niwaambie kidogo. Mwenda alizaliwa Bunkeya, kwa Bayeke, mwaka 1930. Mwaka 1952 mzungu mmoja, Hugh Tracey, aliyekaa Afrika Kusini, alikuwa akizunguka Katanga na vyombo vyake vya kurekodi nyimbo. Pale Jadotville akakutana barabarani na kijana mwenye gitaa, akamwomba apige. Kijana huyo alikuwa na miaka 22 hivi. Alipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha pili tu, lakini ukisikiliza utadhani wako watu wawili. Na aliimba kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kile kile tunachosemea sokoni.

Upande mmoja wa diski za wakati ule uliweza kubeba dakika tatu hivi, basi. Dakika hizo tatu zilisafiri kuliko wazazi wetu wote. Kampuni ya Gallotone ya Afrika Kusini ilizitoa, watu wakazinunua toka Katanga mpaka Kenya. Baadaye Bosco mwenyewe aliishi Nairobi kwa muda, na wapiga gitaa wa kule walijifunza kwake. Mwaka 1969 aliitwa kuimba Marekani, kwenye tamasha la Newport. Mwaka 1988 alirekodi tena huko Cape Town, na mwaka 1990 akafa kwa ajali ya gari. Lakini sauti yake ya ujana ingali ipo. Maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 bado inatunza rekodi alizozikusanya katika safari zake.

Miaka michache iliyopita mtoto wa yaya yangu alinijia na telefoni. “Mama mdogo, sikiliza, nimepata ule wimbo wenu.” Gitaa lilipoanza, machozi yalinitoka mbele ya watoto. Kisha Bosco akaanza kuimba, nami nikashangaa. Maneno hayakuwa yale. Kwanza nilisema mtoto ameleta wimbo mwingine. Tukaurudia mara tatu. Ulikuwa ni ule ule, sauti ya gitaa ile ile, lakini baba hayumo, usingizi haumo, majina yetu sisi watoto hayamo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Maneno yale yalikuwa ya mama. Bosco alimpa njia ya sauti, naye akatunga maneno yake mwenyewe juu yake. Mama yangu alikuwa mtunzi wa nyimbo, na hakuna mtu nyumbani aliyemwita hivyo, hata yeye mwenyewe.

Nilimpigia yaya yangu tuyakusanye maneno yale. Yalitubakia machache sana. Na juu ya mstari mmoja hatusikilizani mpaka leo. Mimi nakumbuka mama akiimba: “Lala mwanangu, baba anakuja asubuhi.” Yaya anasema hapana, alisema: “Baba hakuja asubuhi.” Yeye ni mkubwa, anakumbuka miaka ambayo mimi sikuwa nimezaliwa. Tazameni, ni sauti ndogo tu inayotofautiana. Lakini kwangu mimi mama alikuwa akituliza mtoto, na kwa yaya alikuwa akilia. Ningependa sana kujua ni yupi. Wa kuulizwa hayupo. Mama alituacha mwaka 2011.

Msiseme ni kwa sababu ya umaskini wa zamani. Mwaka 2011 nilikuwa na telefoni yenye kurekodi sauti. Niliitumia kumuuliza kama amekunywa dawa, kama watoto wamemletea makala. Kwenye matanga tulipiga picha za jeneza, za maua na za vikwembe vya sare. Sauti yake hatuna hata sekunde moja.

Bosco hakuwa na bahati ya ajabu kutuzidi. Mtu mmoja alisimama, akamsikiliza, akarekodi, na jina lake likaandikwa kwenye karatasi ya katikati ya diski. Mambo hayo sisi tunayaweza. Hatuhitaji mgeni mwenye mashine.

Kwa hiyo nawaomba, kila mmoja wetu, juma hili aende kwa mama, nyanya au shangazi mwenye wimbo. Mwombeni ruhusa kwanza. Zimeni redio, funga mlango, wekeni telefoni karibu na mdomo wake. Kabla hajaimba, aseme jina lake, mahali alipo na tarehe. Mwulizeni: maneno haya ni ya nani? Uliyatunga wakati gani, kwa ajili ya mtoto yupi? Msimkatize akicheka au akinyamaza. Kisha andikeni maneno katika buku mbele yake, mumsomee, naye awasahihishe. Mwisho, tumeni sauti ile kwenye telefoni ya pili, maana telefoni nazo huvunjika kama diski.

Katika kikundi chetu tunao wimbo wa kufungulia kikao. Tumeuimba miaka mingi tukisema ni “wimbo wa shirika”. Alhamisi iliyopita nilimkaribia mama mzee anayekaa karibu na mlango, nikamwuliza kama anajua aliyeutunga. Alitazama chini, akakunja kikwembe chake magotini. “Ni mimi,” alisema. “Nilikuwa namfulia mtoto nepi. Hakuna aliyewahi kuniuliza.”

Tulitoka nje, tukakaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Aliuimba wote, pamoja na beti mbili ambazo sisi hatukuwahi kuzisikia. Jina lake liko juu ya ukurasa wa kwanza wa buku letu.