Sauti ya Mmoja, Kiitikio cha Wengi: Meru, Embu na Mashindano ya Uimbaji

Katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, Ruth Finnegan alisisitiza kwamba utungo simulizi hukamilika katika utendaji. Hoja hiyo yafaa kurejelewa kila taifa linapoteua mwimbaji wa kuliwakilisha mbele ya mataifa mengine, kwani anayeteua mwimbaji huwa ameamua pia utendaji upi uhesabiwe kuwa wimbo.

Mfano ulio karibu ni Tusker Project Fame, mashindano ya Afrika Mashariki yaliyoanza mwaka 2006 jijini Nairobi. Washiriki walisailiwa mmoja mmoja, wakakosolewa na majaji, nao watazamaji wakapiga kura kwa simu. Kenya ilishinda kupitia Valerie Kimani mwaka 2006 na Ruth Matete mwaka 2012. Hata hivyo, Rwanda ilitwaa taji mwaka 2009 kupitia Alpha Rwirangira, na Burundi mwaka 2013 kupitia Hope Irakoze. Ni dhahiri kwamba ukubwa wa nchi haukuwa dhamana ya ushindi.

Tatizo limo katika usaili wenyewe. Mpiga ngoma wa Chuka, katika eneo la Meru, hubana ngoma ndefu katikati ya mapaja, akaipiga huku akicheza. Bega na mguu ni viungo vya utungo sawa na sauti. Kiongozi huanzisha, kundi likaitikia. Fanani huyo akitengwa ili asailiwe peke yake, kinachosailiwa ni nusu ya wimbo. Utafiti wa Ciarunji Chesaina kuhusu fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere, uliochapishwa mwaka 1997, unathibitisha kwamba eneo hili halikukosa hazina ya kuwasilisha.

Isidhaniwe kuwa mashindano ni adui wa ngoma. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoasisiwa mwaka 1927, huwapa wanafunzi nafasi ya kushindana wakiwa kundi, kuanzia mashinani hadi ngazi ya taifa. Kinachotofautisha majukwaa haya mawili ni kipimo: nani huhesabiwa kuwa mwimbaji?

Yawezekana kudai kwamba kura ya simu nayo ni kiitikio cha hadhira. Lakini kura huja wimbo ukiisha kuimbwa. Kiitikio cha Chuka ni sehemu ya wimbo, na bila hicho wimbo haujaanza.