Mpumbu na Lechwe: Viumbe Wawili wa Mweru

Msafiri atokaye Mantapala kuelekea Nchelenge huiacha nyuma yake lugha ya Kiswahili, kwani makazi hayo yalifunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika. Mbele yake ni Ziwa Mweru, lenye ukubwa wa kilometa za mraba 5,120, mali ya nchi mbili.

Sokoni ataonyeshwa chisense, visamaki mfano wa dagaa, vivuliwavyo usiku kwa taa na kuanikwa juani. Akiulizia mpumbu, huenda asimwone hata mmoja. Zamani samaki huyo ndiye aliyekuwa sifa ya Mweru. Mvua za kwanza ziliponyesha, mpumbu kwa maelfu walipanda mto Luapula kwenda kutaga, matumbo yamejaa mayai. Wavuvi waliujua msimu na waliijua njia. Wakatanda nyavu papo hapo. Wafanyabiashara, wakiwamo Wagiriki wa Kasenga, wakawanunua na kuwapeleka Katanga kulisha wachimba migodi. Ilipofika mwaka 1950 hivi, msafara ule mkubwa ulikuwa umekwisha.

Kaskazini mwa Nchelenge, mto Kalungwishi huingia ziwani. Katika mabonde ya mto huo na ya Luongo aliishi lechwe wa aina ya peke yake, swala wa vinamasi mwenye kwato ndefu, hodari katika maji ya magoti lakini mzito penye nchi kavu. Naye aliyafuata maji: yakipanda alipanda, yakishuka alishuka, na mwindaji alijua pa kumngojea. Leo hayupo tena popote duniani. Ndugu yake, lechwe mweusi, amesalia Bangweulu.

Tabia ile ile iliyowalisha ndiyo iliyowaponza wote wawili, ila hawakuponzwa sawasawa. Mpumbu jike hutaga mayai maelfu kwa maelfu, kwa hiyo wachache waliosalia wangali wakiogelea Mweru. Lechwe huzaa mtoto mmoja tu, na auawaye akiwa na mimba ni wawili.

Serikali ya Zambia hufunga uvuvi kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki watage. Kwa askari wa doria hiyo ni miezi ya kutwaa nyavu; kwa mwenye jiko Mantapala ni miezi ya mboga tupu. Mama aliyezoea hununua chisense mwezi Novemba, huwarudisha juani siku moja, kisha huwatia katika debe lenye mfuniko.